Mhariri, tuulizieni pia nani aliambiwa mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazipunguza lakini hii naomba mniachie kadri mtakavyoweza maana jambo lenyewe haliingii kwenye aya mbili. Nafuatilia sana habari za ajira, zenu na za magazeti mengine, na naona karibu zote zinakuja kwa sura moja, kuna teknolojia mpya imeingia, mtaalamu mmoja anasema kazi kadhaa zitakufa, mwingine anasema hapana zitazaliwa nyingine, habari imeisha. Msomaji anafunga gazeti akiwa na hofu au akiwa na matumaini, ila kuhusu yule mtu ambaye kazi yake ndo inabadilika hajaambiwa kitu, alijua lini, alijulishwa na nani, na kati ya siku ile na siku mabadiliko yalipofika alipewa nini mkononi. Mimi naamini hilo swali la lini ndo kubwa kuliko yote, na ndo linaloachwa kila mara.

Nianze na fani yenu wenyewe maana hapa hamhitaji kuelezwa sana. Kwa karibu miaka mia moja magazeti makubwa yalipangwa herufi kwa mashine ya Linotype aliyoivumbua Ottmar Mergenthaler, ilianza kutumika kwenye gazeti la New York Tribune mwaka 1886, mtu anakaa kwenye kibodi anabonyeza, mashine inamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kutoa mstari mzima wa maandishi. Ilikuwa kazi ya ufundi hasa, unajifunza miaka, mshahara mzuri, na heshima yake. Kompyuta zilipoanza kuingia miaka ya 60 na 70 kila aliyekaa kwenye chumba kile alikuwa anaona upepo unakoelekea. Pale New York mwaka 1974 chama cha wapanga herufi kikakaa mezani na wachapishaji wakakubaliana, leteni hizo kompyuta, hatutazizuia, lakini hawa mafundi waliopo sasa hivi kwenye orodha wana kazi mpaka wastaafu. Kwahiyo New York Times lilipopanga toleo lake la mwisho kwa risasi, usiku wa Julai 1 kuamkia Julai 2 mwaka 1978, wapanga herufi walikuwa wanafundishwa kupanga kurasa kwa njia mpya na walibaki ndani ya jengo lile lile. Inauma kuacha ufundi ulioujenga ujana wako wote, sikatai, lakini walikuwa na mshahara mwisho wa wiki.

Sasa nendeni London, Januari 1986, fani ile ile, badiliko lile lile. Kampuni ya Rupert Murdoch ilikuwa imejenga kiwanda kipya cha uchapaji eneo la Wapping, kikafungwa kompyuta kimya kimya huku maelezo ya nje yakiwa ni kwamba panaandaliwa gazeti jipya la jioni, wafanyakazi walipogoma wakafukuzwa wote, karibu watu 5,500, na magazeti yakaendelea kutoka kule Wapping bila wao. Walisimama nje ya geti zaidi ya mwaka mzima mpaka Februari 1987 na wakaondoka mikono mitupu kwa maana ya kazi zao. Nijitahidi kusema haki hapa, vyama vya wafanyakazi vya magazeti ya London navyo vilikuwa vimekataa kompyuta kwa miaka mingi, vikataka kila kitu kibaki kama zamani, hilo nalo lilichangia. Lakini angalieni tofauti, kompyuta ni zile zile, kazi ni ile ile, aliyekuwa New York alikuwa na miaka ya kujipanga na aliyekuwa London alikuta kazi yake imeshahamishwa.

Ndo maana huwa sikubaliani na wanaosema teknolojia inaua kazi, wala wanaosema teknolojia haiui kazi. Sentensi zote mbili zinamficha mtu aliyefanya uamuzi. Mashine haianguki toka mbinguni Mhariri, imejadiliwa kwenye kikao, imeombewa bajeti, imeagizwa, imelipiwa, imefanyiwa majaribio, na mafundi wameletwa kuifunga, yaani kuna watu wanajua miezi mingi kabla, pengine miaka, na kuna watu wanajua siku ya barua. Hiyo nafasi katikati ndo maisha ya mtu, ndo muda ambao angekuwa ameenda kusoma, au asingechukua ule mkopo mkubwa, au angeanza kutafuta kwingine akiwa bado ana nguvu ya kusema ninafanya kazi mahali fulani.

Bandarini ni hivyo hivyo. Kabla ya kontena meli ilipakiwa na makuli, gunia moja moja, pipa, kreti, marobota, meli inaganda gatini siku kibao, na kuli alikuwa anakuja alfajiri anasimama kwenye kundi akisubiri kuchaguliwa, ukichaguliwa leo umekula, usipochaguliwa unarudi nyumbani. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, kule Marekani, ikiwa na makontena 58 juu yake, wazo la mfanyabiashara wa malori aitwaye Malcom McLean. Kupakia tani moja ya mzigo kwa njia ya zamani kulikuwa kunagharimu dola 5.86, kwa kontena ikashuka mpaka kama senti 16. Hakuna mwenye meli anayeweza kuziba macho kwa tofauti ya namna hiyo, na kuli yeyote aliyekuwa anafikiri vizuri aliliona hilo.

Kwenye bandari za magharibi mwa Marekani chama cha makuli cha ILWU, kiongozi wao akiwa Harry Bridges, kiliamua kutosubiri. Mwaka 1960, wakati kontena bado ni kitu kigeni kwenye bandari nyingi, walisaini makubaliano na waajiri, ninyi ingizeni mashine mnavyotaka, sisi hatupigani nazo, lakini mnachangia mfuko, jumla dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu, wa kulinda kipato cha waliosajiliwa na kuwapa kiinua mgongo wazee watakaotaka kustaafu mapema. Halikuwa jambo kamilifu, wale wa daraja la pili, vijana ambao usajili wao ulikuwa haujakamilika, hawakupata kinga ile ile na manung'uniko yao yalikuwa ya haki kabisa. Ila nawaza, makuli waliosoma alama za wakati miaka mingi kabla na kuuza ruhusa yao kwa bei badala ya kunyang'anywa bure, kwanini habari kama hii haifundishwi kwa kila kiongozi wa chama cha wafanyakazi?

Watu wanasema mapema inagharimu, na ni kweli inagharimu, tusidanganyane. Ujerumani mwaka 2007 walikubaliana kwamba uchimbaji wa makaa ya mawe magumu utaisha 2018, serikali, kampuni na chama cha wachimbaji wote wakajua tarehe miaka kumi na moja kabla. Wengine walistaafu mapema, wengine wakahamishiwa migodi iliyobaki au wakafundishwa kazi nyingine, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel kule Bottrop, ukafungwa Desemba 21 mwaka 2018 bila kuwatupa watu nje kwa nguvu. Ruzuku iliyotumika ilikuwa mabilioni ya yuro na kuna walipa kodi walionung'unika. Uingereza nao walikuwa na makaa ya mawe, Machi 1984 likatoka tangazo la kufunga migodi 20 na kuondoa kazi karibu 20,000, ukazuka mgomo wa mwaka mzima uliogawanya mpaka familia, ndugu na ndugu hawaongei, na baada ya hapo migodi ikafungwa mfululizo, mingi kuliko hata ile 20 ya mwanzo. Hizo gharama nazo zipo, ila hazionekani kwenye vitabu vya kampuni, zinahamia kwenye hospitali, kwenye ofisi za misaada, kwenye ndoa za watu na kwa watoto wanaokua wakimwona baba amekaa tu.

Sasa kuna mabadiliko mengine ambayo hayafukuzi mtu kabisa na ndo maana hayaandikwi, na haya nadhani yanawagusa wasomaji wenu wengi zaidi. Kazi inabaki na jina lake, kiti kile kile, ila ndani yake imekuwa kazi nyingine. Keshia wa benki ni mfano ambao watu huutumia vibaya. ATM ya kwanza ya benki ya Barclays ilizinduliwa Enfield, London, Juni 27 mwaka 1967, na wengi waliamini makeshia wamekwisha. Mchumi James Bessen alipopiga hesabu za Marekani akakuta makeshia kwa tawi moja la mjini walishuka kutoka kama 20 mwaka 1988 hadi kama 13 mwaka 2004, lakini kwa kuwa tawi limekuwa rahisi kuendesha benki zikafungua matawi mengi, zaidi ya asilimia 40 ya nyongeza mijini, na makeshia kwa jumla hawakupungua kipindi kile. Watu wanaishia hapo wanafurahi. Mimi nataka tuendelee, huyo keshia aliyebaki anafanya nini? Zamani alikuwa anahesabu hela, siku hizi anatakiwa auze, mikopo, kadi, bima, ana malengo ya mwezi, anapimwa kwa idadi ya wateja aliowashawishi. Kuna mtu aliajiriwa kwa kuwa makini na mkimya na sasa anaambiwa hafai kwa sababu ile ile ya ukimya. Hakufukuzwa, ila kazi aliyoiomba haipo tena. Na baadaye simu za mkononi zilipochukua huduma nyingi za benki, matawi yenyewe yakaanza kufungwa, kwahiyo hata ile furaha ya mwanzo ilikuwa na mwisho wake.

Madaktari na manesi vivyo hivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba kwa kila saa moja daktari anayokaa na mgonjwa, karibu saa mbili nyingine zinaenda kwenye kompyuta na kazi za mezani, kujaza rekodi, kubonyeza, kuthibitisha, na wengine wanabeba kazi hiyo mpaka nyumbani usiku. Rekodi za kompyuta zina faida, dawa zinazogongana zinaonekana, faili halipotei, sizipingi. Lakini mtu aliyesomea kugusa mwili wa mgonjwa na kumsikiliza amegeuzwa kuwa karani wa kuingiza data na hakuna siku aliyoitwa akaambiwa kuanzia Jumatatu kazi yako ni hii. Ilikuja kidogo kidogo, fomu moja, kisha nyingine, kisha mfumo mpya, na kila kitu kilichoongezwa hakikuondoa cha zamani. Walimu watanielewa hapa bila mimi kuandika zaidi.

Aina nyingine ni ile ambayo kazi haijabadilika hata kidogo ila mtu mwenyewe ndo amebadilishwa jina. Dereva anaendesha gari kama dereva wa zamani, anapeleka abiria kama zamani, lakini anaambiwa wewe sio mfanyakazi, wewe ni mshirika, umejiajiri, bosi wako ni programu iliyo kwenye simu yako. Inampangia safari, inampangia nauli, inampa nyota, na ikiamua inamfungia asifanye kazi na hajui pa kwenda kulalamika maana hakuna ofisi wala mtu. Uingereza kesi kama hiyo dhidi ya Uber ilifika mpaka Mahakama ya Juu, na Februari 2021 mahakama ikasema hao madereva ni wafanyakazi, wanastahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, na muda wa kazi unahesabiwa tangu dereva anapowasha programu akiwa tayari kupokea abiria, sio tu akiwa na mtu ndani ya gari. Ilichukua miaka na miaka kufika hapo. Na angalieni, tatizo limeanzia kwenye karatasi, kwa mtu kubonyeza nimekubali kwenye masharti marefu ambayo hakuna aliyemweleza maana yake.

Kuna jibu ambalo huwa linatolewa haraka sana kwenye mijadala hii, eti wafanyakazi wajiongeze, wajifunze vitu vipya, asiyetaka kujifunza shauri yake. Mfano mzuri wanaoupenda ni Dorothy Vaughan, mama mweusi aliyekuwa msimamizi wa kikundi cha wanawake waliokuwa wakipiga hesabu kwa mkono kwenye maabara ya Langley kule Marekani, maabara ambayo baadaye ikawa sehemu ya NASA, shirika la anga la nchi hiyo. Kompyuta za mashine zilipoanza kuingia akajifunza lugha ya kompyuta iitwayo FORTRAN, akafundisha na wenzake, akawa mtaalamu wa kuandika programu. Namheshimu sana na alifanya hivyo kwenye mazingira ya ubaguzi wa rangi ambayo wengi wetu tungekata tamaa. Lakini someni mfano wake wote. Alikuwa ndani ya taasisi, mshahara unaingia, mashine zenyewe zipo chini ya paa analofanyia kazi, na aliona zinakuja kabla hazijachukua nafasi yake. Kujifunza ukiwa kazini na kujifunza ukiwa umeshafukuzwa una kodi ya nyumba miezi mitatu nyuma sio kitu kimoja hata kama kozi ni ile ile. Kumwambia mtu wa pili ajiongeze kama wa kwanza ni kumwonea.

Sweden wana utaratibu ambao ningependa ujulikane zaidi. Tangu 1974 waajiri na vyama vya wafanyakazi wa ofisini wameanzisha pamoja baraza la kusaidia wanaopunguzwa, linaitwa TRR, waajiri wanachangia asilimia ndogo tu ya jumla ya mishahara, na mtu akishapewa notisi anapata mshauri, anasaidiwa kutafuta kazi, kusoma, hata kufungua biashara, na hiyo inaanza wakati bado anahesabika kuwa mfanyakazi. Hawazuii kampuni kubadilika. Wanachofanya ni kuhakikisha mtu haanguki kwanza ndo asaidiwe.

Na sheria za kutoa taarifa zipo, sio kwamba nimeota. Marekani kwa sheria iliyopitishwa 1988 kampuni yenye wafanyakazi 100 au zaidi inatakiwa itoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda au kupunguza watu wengi. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 158 wa mwaka 1982 unaosema mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi au za kiteknolojia awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa kwa wakati na wapate nafasi ya kujadiliana, ila nchi nyingi hazijauridhia mpaka leo. Kwa maoni yangu siku 60 ni bora kuliko sifuri lakini hazitoshi mtu wa miaka 50 kuanza fani mpya. Wakubwa wa kampuni hujitetea kwamba wakitangaza mapema watu wazuri watakimbia na washindani watajua siri. Hofu hiyo naielewa, lakini inamaanisha mfanyakazi anabaki kwa sababu amefichwa, na sioni kama hiyo ni njia ya kumlipa mtu aliyekaa na wewe miaka 20.

Sasa hivi zamu imefika kwa watu wa maofisini na wa kalamu. Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika kama mtu, itoke Novemba 30 mwaka 2022 watafsiri, wahasibu, watu wa huduma kwa wateja, wachora picha, hata waandishi wenu, wote wanasikia maneno yale ambayo makuli waliyasikia zamani. Waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, kuanzia Mei 2, na moja ya vitu walivyopata kwenye mkataba ni kwamba kampuni ikimpa mwandishi kitu kilichoandikwa na akili bandia lazima imwambie. Imwambie tu. Nilivyosoma hicho kipengele nilifikiri sana, watu walikaa bila mishahara karibu miezi mitano na sehemu ya walichokuwa wanapigania ni haki ya kuambiwa.

Kwahiyo Mhariri ombi langu kwenu ni la kazi kabisa. Kampuni ikiwatumia taarifa kwamba imeweka mfumo mpya na huduma zimeboreshwa, msiichapishe kama ilivyo. Waulizeni wameagiza lini huo mfumo, na wafanyakazi waliambiwa lini, na kati ya tarehe hizo mbili kulifanyika nini, nani alifundishwa akiwa bado kazini na kwa gharama ya nani. Tarehe mbili tu, ziwekeni kwenye habari zikiwa jirani. Halafu mtafuteni mtu wa ngazi ya chini, sio msemaji wala meneja, mtu wa zamu ya usiku, mumfichie jina ili asipate matatizo, mumuulize naye alijua lini, na kama akiwaambia anasikia kwenu kwa mara ya kwanza, andikeni hivyo hivyo kwenye aya ya kwanza ya habari.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.